Taa ya Injini na Jicho la Bibi

Sogeeni. Leo sina sungura wala fisi. Nina gari kuukuu, bibi asiyeona, na wajukuu zake watatu wa Tukuyu. Lusajo alikuwa na jicho: alichokiona mara moja hakukisahau. Sekela alikuwa na sikio. Kwa mlio tu angekwambia ni kuku gani ametaga. Ambakisye alikuwa na vidole, hata fundo la uzi angelihisi gizani.

Bibi Tupokigwe alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Madaktari wa kupasua macho walikuwa Mbeya, na siku ninayosimulia ndiyo ilikuwa yao ya mwisho huko. Wajukuu wakampakia garini asubuhi.

Njiani taa ya injini ikawaka, ikazima, ikawaka tena. Wakasimama kwa fundi, na taa, kwa ukorofi wake, ikazima kabisa.

"Gari zima hili," fundi akasema. "Ikiwasumbua, bandikeni stika juu yake."

Mbele kidogo ikawaka, safari hii ikipepesa, na gari likaishiwa nguvu.

"Haiwaki ovyo," Lusajo akasema. "Inawaka tukipanda mlima, tukishuka inazima. Tusidanganyike kuwa imepona." Akaegesha, akakanyaga mafuta kama anayepanda.

Sekela akafungua boneti, akatega sikio. "Plagi ni nne, nami nasikia tatu. Hii ya mwisho inaruka, haichomi mafuta."

Injini ikazimwa. Ambakisye akapapasa waya wa plagi ile. Kwa macho ulikaa sawa, ila kwa vidole soketi yake, ile kofia inayovaa plagi, ilicheza, kishikio kimekatika. Akaisukuma ndani, akaikaza kwa ukanda wa tyubu.

Taa haikuwaka tena. Walifika mlango wa upasuaji ukikaribia kufungwa.

Bibi akapasuliwa jioni hiyo, na kesho yake nesi akaja kufungua bandeji.

"Ngoja kwanza, mwanangu," Bibi akasema. "Wajukuu hawa nawajua kwa sauti tu. Aliyenifikisha hapa akae mbele yangu, uso wake niuone wa kwanza."

Kiti kilikuwa kimoja.

"Bila mimi mngeiamini taa ilipozima," Lusajo akasema.

"Na bila mimi mngefumua injini nzima," akajibu Sekela.

Ambakisye akanyoosha vidole vyake, bado vina grisi.

Bibi akacheka. "Gombaneni upesi. Machozi yananijia, na nesi kasema nisilie."

Nesi ameshashika ncha ya bandeji. Je, wewe ungemkalisha nani?