Tabaka la Katikati

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika nchi ya Bengali aliishi mjane mcha Mungu, jina lake Nurbanu, fundi wa kushona kantha. Kantha ni mfarishi wa nguo kuukuu. Sari zilizochakaa hupangwa tabaka juu ya tabaka, zikapigwa bandi kwa mkono pembe hadi pembe, na hata nyuzi za kudarizia maua yake huchomolewa katika mapindo ya sari zile zile. Hakitupwi kitu. Na kwa kuwa nguo iliyovaliwa sana huwa laini, mtoto mchanga wa huko hufunikwa kwa hiyo.

Lakini mafundi wa zama hizo walikuwa na sharti lao: nguo isiyojulikana ilimvika nani haiingii katika kantha ya mtoto. Nurbanu alilishika sharti hilo umri wake wote, akalivunja mara moja tu. Ilikuwa kantha ya mwana wa liwali, mtoto aliyeombewa dua miaka mingi hata akapatikana. Siku ya akika imekaribia na tabaka la katikati halijatimia. Ndipo Zaituni, mwanamke aliyezunguka mitaani akibadilisha vyungu kwa nguo kuukuu, akamletea sari nyeupe. Nurbanu akaisuuza, akaishonea ndani, asiulize ya nani. Haraka haraka haina baraka, nasi twalisema hilo kila siku huku tunakimbia.

Asubuhi ya akika aliipeleka kantha kwa liwali, akarudi nyumbani moyo umetulia. Kabla ya adhuhuri Zaituni akaingia bila hodi.

"Dada, ile sari nyeupe," akasema. "Leo ndio nimeambiwa. Mwenyewe alikufa kwa ndui, na jamaa zake wakanificha."

Nurbanu akakaa chini. Ndui alikuwa akiijua. Ilimwachia yeye makovu ya uso, ikamchukulia binti yake wa pekee.

Zaituni akamshika mkono, akanong'ona, "Iko katikati, dada. Hakuna jicho litakaloiona. Mtoto akiugua, watu watasema ni kadari. Ukisema wewe, tumekwisha sote wawili. Kwani humjui liwali?"

Nani asiyemjua? Dobi aliyempotezea kilemba alichapwa mpaka akarudishwa kwao amebebwa. Kwa kilemba tu! Je, kwa mwana?

Zaituni akaenda zake. Nurbanu akaswali adhuhuri asijue ameswali rakaa ngapi, kisha akabaki pale pale juu ya msala, meno yanamgongana na jua la mchana linawaka nje. Akajiambia kwamba sari ilikwisha suuzwa. Akajiambia kwamba Mola ndiye mwenye afya na maradhi, na nani yeye hata aingilie. Akajiambia kwamba huenda mama mtoto ataona kantha ni nzuri mno, aiweke sandukuni. Shetani hamwendei mcha Mungu na mapembe kichwani, humwendea na hoja nzuri. Naye mjane wa watu alizipokea zote, moja baada ya moja, kwa sababu aliogopa, na kila alipotaka kuinuka aliuona mjeledi.

Adhana ya alasiri ndiyo iliyomzindua. Baada ya sala hiyo mtoto angenyolewa nywele, kisha afunikwe. Nurbanu akamkumbuka binti yake alivyokuwa akilia usiku, sauti imekwisha, mdomo tu unafunguka. Akatoka mbio na kiatu kimoja, akaukata mji mzima.

Mlangoni kwa liwali bawabu akamzuia. "Sadaka ya nyama hugawiwa mlango wa nyuma, mama."

Akampita chini ya mkono. Uani, kichwa cha mtoto kilikuwa kimekwisha nyolewa, na mama yake ameikunjua kantha magotini ili amlaze.

"Usimfunike!" Nurbanu akapiga kelele. "Kwa haki ya Mola, bibi, usimfunike!"

Liwali akainuka, akauliza kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo sauti yake iliyokuwa ikiogopwa zaidi, "Kuna nini ndani yake?"

"Sari ya maiti wa ndui, bwana wangu. Imo katikati."

"Nani aliyekuletea?"

"Aliyeletewa nguo asiulize ni mimi. Aliyeishona ni mimi. Mkono uliokosa ni huu."

Akaomba kisu, akaifumua kazi yake mbele ya watu, kwa haraka hata akajikata. Tabaka la katikati likatokea, na mabaka yake ya manjano. Mabaka hayo aliyaona tangu siku ya kwanza, akajiambia ni ya uzee wa nguo. Mama mtoto akamkumbatia mwanawe. Liwali aliitazama nguo ile, akamtazama mwanawe, kisha akamtazama mjane mwenye makovu. Nurbanu akafumba macho, akatamka shahada kimoyomoyo.

"Ichomeni," akasema liwali. Na kwa Nurbanu akasema, "Nenda."

Mtoto akakua, na ndui haikumgusa.

Kwa miaka mingi watu walimsifu Nurbanu kwa ushujaa wake, naye kila alipolisikia hilo alilia. Jirani mmoja akamuuliza, "Bi Nurbanu, unalia nini, na mtoto alisalimika?"

Akajibu, "Alisalimika kwa rehema ya Mola wake. Mimi habari niliipata kabla ya adhuhuri, na nilikwenda alasiri. Mama yake angaliikunjua mapema kidogo tu, mimi ningalikuwa bado nimekaa juu ya msala."

Ndugu zangu, ukweli tuliousema sote twaukumbuka, na twapenda wengine waukumbuke. Tumwombe Mola atughufirie ule muda tuliokaa kabla ya kuusema.