Mkeka wa Kiboko

Nina ngano!
— Imwage tuione!
Ina mizizi!
— Ing'oe!

Ilikuwa Jumanne, saa tatu na robo asubuhi (si saa tatu kamili), Nguchiro aliposhuka na wanawe kunywa maji, akakuta ziwa halionekani. Magugu maji yametanda ukingo huu hadi ule, kijani kitupu, na maua ya zambarau juu yake kama yaliyoalikwa. Palibaki kidimbwi kimoja tu cheupe, na ndani yake amelala Kiboko.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa. Wanangu wana kiu."

"Marahaba. Hapa pangu."

"Basi tunywe hapo pembeni."

"Pembeni pangu. Katikati pangu. Nendeni mkanywe umande!"

Akapuliza maji, fwaaa! Nguchiro akalowa mpaka mkiani. Wanawe wakamlamba.

Ukingoni palikuwa na mabua ya magugu yaliyokwisha kukauka, yanalia kacha-kacha. Nguchiro akayasuka kijimkeka, akajilaza chali.

"Aaah!"

Kiboko akainua sikio moja. "Unalalia nini wewe?"

"Si kitu, Bwana Mkubwa. Kitanda cha wafalme."

"Na mfalme hapa ni nani?"

"Ni wewe. Ila wewe umeshazoea matope."

"Kuanzia leo magugu yote yangu!"

"Hata yale ya kule mbali?"

"Hata yale! Asiguse mtu!"

Kiboko akang'oa, ng'wa! Akatupa ukingoni, pwaa! Nguchiro akaanika. Kiboko akang'oa, ng'wa! Akatupa, pwaa! Nguchiro akaanika. Ng'wa! Pwaa! Ng'wa! Pwaa! Ziwa likafunguka kama mlango.

"Sasa nisukie!"

"Mabichi? Ukisuka mabichi, mkeka unaoza. Yakauke kwanza. Tena yalindwe, maana Swala ana tamaa na mali ya watu."

Basi Kiboko akakaa ukingoni kulinda majani yake, jua linamchoma, jasho jekundu linamtiririka, macho hayabanduki kwenye mabua. Nyuma yake wanyama wote wakaingia majini. Wakanywa, wakaoga, wakarushiana maji.

"Kelele gani hizo?"

"Wanakusifu, Bwana Mkubwa. Usigeuke, Swala anakuvizia."

Mabua yalipolia kacha-kacha, Nguchiro alisuka kweli, msuko wa kubana, bila pengo hata moja. Kiboko akajilaza.

"Aaah!" Kisha akainua kichwa. "Nataka na mto."

"Magugu yamekwisha."

"Hayajaisha!" Kiboko akachomoa kwapani kigugu kimoja kichanga, mizizi yake inadondosha maji. "Hiki nakirudisha ziwani kizae. Nitapata mito mia!"

Nguchiro akawatazama wanawe wanaogelea. Akaruka mbele.

"Usikitupe hivi hivi, Bwana Mkubwa! Samaki watakitafuna. Niachie mimi nikilee, kikipata nguvu ndiyo ukirudishe."

"Utakitunza?"

"Kama mwanangu."

Kiboko akamkabidhi, akalala juu ya mkeka wake, akakoroma, khoroo, khoroo.

Asubuhi yake Nguchiro alikitunza. Alikianika juu ya jiwe la moto, akakigeuza upande huu, akakigeuza upande ule, mpaka kikalia kacha. Kikapu cha mwanawe wa mwisho kilikuwa hakina mkono. Akakisuka, kikawa mkono.

Ngano yangu imekauka, nimeitandika, anayetaka aikalie. Na funzo lake, watoto, ni hili: ukiachiwa amana, irudishe vilevile ulivyoachiwa, ila ikiwa gugu maji.