Miembe ya Sikudhani na Zimwi la Chemchemi

Paukwa!

Pakawa!

Aliye na kiu akanywe sasa hivi, maana nikianza sisimami. Na hadithi hii si ya kuchekacheka.

Hapo kale palikuwa na kijiji cha wakulima wa miembe. Maji yao yalitoka chemchemi moja, yakashuka kwa mifereji hadi mashambani. Lakini chemchemi ilikuwa na mwenyewe, nalo ni zimwi. Kila mwaka, kila nyumba ililipelekea kikapu kimoja cha embe. Nyumba iliyokosa embe ilitoa mtoto.

Basi, alikuwako mjane mmoja, Sikudhani, na binti yake Mboni. Mumewe aliwaachia miembe kumi na miwili. Sikudhani aliipenda mno, kwa sababu hakikubaki kingine cha marehemu.

Kipupwe kilipoingia, kila mkulima aliziba mdomo wa mfereji wake kwa udongo na magogo ya migomba, akaiacha miembe ikae kavu hadi itoe maua. Sikudhani naye akaziba, kwa kuwa ndivyo alivyomwona mumewe akifanya. Siku ya kumi majani yakanyong'onyea, na roho ikamuuma.

Siku moja, adhuhuri, zimwi likampitia kwa sauti laini.

"Mama Mboni, miti ya marehemu ina kiu. Huioni? Fungua kidogo tu."

Akafungua kidogo. Kesho yake akafungua kidogo. Keshokutwa akafungua, asizibe tena.

Miembe ikanawiri! Ikatoa majani, ikatoa majani, ikatoa majani. Ua hata moja hakuna.

Msimu wa embe ulipofika, zimwi likaja. "Kikapu changu kiko wapi?"

Sikudhani akatoa kikapu kitupu. Zimwi likamshika Mboni mkono.

"Nitakaa naye hadi mwakani. Ukiniletea kikapu, utamchukua. Usiponiletea, nitamla."

Likaenda naye. Ninyi mnaobanana huko nyuma, tulieni, hapa ndipo penye uzito.

Sikudhani akaenda kwa jirani yake, Bi Mwanaashura, akilia hadi sauti ikamkauka. Bi Mwanaashura hakuwa mtu wa kubembeleza.

"Shoga, miti umeilevya kwa huruma," akamwambia. "Mwembe unaokunywa kila siku hufanya majani. Ukikaa kavu, ndipo unapotoa maua. Mwaka huu ziba, usubiri mpaka uone embe changa kama punje za njugu. Hapo sasa uupe maji ushibe. Kabla ya hapo, hata tone!"

Kipupwe kikarudi. Sikudhani akaziba. Siku ya kumi akasikia wimbo ukishuka kutoka chemchemini:

"Mama, mama, fungua maji,
koo limekauka, fungua maji."

Ilikuwa sauti ya Mboni. Na zimwi likaitikia, "Miembe ikinywa, na yeye atakunywa!"

Sikudhani akakaa chini, akaziba masikio.

Siku ya pili yake wimbo ukaja tena. Mama, mama, fungua maji. Sikudhani akaenda hadi mferejini, akatia mkono kwenye udongo, akaurudisha mkono bila kuzibua.

Siku ya tatu ukaja tena, mdogo, umekatika katikati. Mama, mama. Sikudhani akachukua jembe lake, akakimbia nalo kwa Bi Mwanaashura.

"Nifichie hili. Nikilidai kabla ya embe changa, usinipe."

"Usilie, shoga. Ni zimwi tu hilo, linaiga sauti."

Sikudhani akamwachia jembe, akaondoka.

Basi, miembe ikatoa maua hadi majani yasionekane. Embe changa zikafikia ukubwa wa punje za njugu. Ndipo Sikudhani alipochukua jembe kwa Bi Mwanaashura, akazibua. Kila siku ya saba alimwagilia mpaka udongo ukashiba, kisha akaziba. Embe zilipokaribia kuiva, akapunguza maji. Matawi yakainama hadi akayawekea miti ya kuyaegemeza.

Akajitwika kikapu kilichojaa pomoni, akapanda nacho chemchemini. Zimwi likanusa, likanung'unika, likamwachia Mboni. Mtoto alikuwa amekonda, midomo imepasuka.

Njiani Mboni akasema, "Mama, halikuwa zimwi lililoimba. Nilikuwa mimi. Lilinifunga kando ya maji, likaninyima siku tatu ili unisikie. Siku ya nne likachoka, likanipa maji."

Sikudhani akasimama.

"Nilijua, mwanangu. Tangu siku ya kwanza nilijua ni wewe."

Mboni akatangulia njiani. Walipofika nyumbani akachota maji mtungini, akanywa. Akachota tena, akampa mama yake.

Hapo ndipo hadithi yangu ilipofika, na mimi sivuki hapo. Funzo lake ni hili: maji yana wakati wa kutolewa na wakati wa kuzuiwa, na anayezuia kwa upendo huumia pamoja na anayenyimwa.