Kisu cha Zimwi la Vichwa Viwili

Sogeeni, na mwenye usingizi akalale! Palikuwa na mhunzi, Nyamvula, aliyefua visu peke yake kibandani kwake. Siku moja likaja zimwi lenye vichwa viwili. "Nifulie kisu. Kisiponipendeza, nitakutafuna."

Nyamvula akafua, akanoa, akakiweka chini, maana kwao kisu hakipokewi mkono kwa mkono, mkipokezana, mtagombana. Zimwi likaokota.

"Kifupi," kikasema kichwa cha kulia.

"Kirefu!" kikasema cha kushoto.

Akafua tena, akanoa tena, akakiweka chini.

"Kizito."

"Chepesi!"

Akafua mara ya tatu, viganja vimejaa malengelenge.

"Mpini mnene."

"Mwembamba!" Na vinywa vyote viwili vikaanza kudondosha mate.

Hapo hasira zikampanda Nyamvula. Akakiambia kichwa cha kulia, "Hebu mpe mwenzako akitazame vizuri. Usikiweke chini, mpe mkononi!"

Mkono wa kulia ukaupa wa kushoto. Lo, ugomvi! "Mjuaji wewe!" "Mjuaji mwenyewe!" Zimwi likaondoka, vichwa vikitukanana hadi porini. Nyamvula akashusha pumzi.

Asubuhi, hodi! Mlangoni yamesimama mazimwi mawili, kila moja kichwa kimoja, mkono mmoja, mguu mmoja.

"Tumeachana," yakasema. "Kisu chako kimetukata vizuri sana. Sasa kila mmoja anataka chake."

Nami hadithi yangu naiweka chini. Simpi mtu mkononi, aitakaye aiokote.