Sawa kwa Sawa ya Bi Mize

"Fimbo ya kipofu haimpeleki kiwete." Mmeisikia leo kikaoni, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza imetoka wapi. Haya, kaeni, na simu ziwekeni chini, maana mimi sisemi na visogo. Ilianzia hapa hapa mtaani, kwa mwanamke mwenye wivu.

Bwana Hatibu alipofariki aliacha wajane wawili katika ua mmoja, milango inatazamana. Bi Mize ndiye mke mkubwa, Mwana Shali ndiye mdogo. Uzee ukamchukulia kila mmoja chake: Bi Mize miguu ikamfia, akawa mtu wa kitandani, Mwana Shali akapoteza macho. Watoto wao walikuwa mbali. Basi chama cha kina mama wa mtaa kikamtoa binti mmoja, Riziki, awe anawahudumia wote wawili.

Hapo ndipo donge lilipomkaa Bi Mize rohoni. Riziki akija kwake humwogesha, humkanda miguu kwa mafuta ya nazi, humsogezea mtungi wa maji kando ya kitanda, huyo, ameondoka. Lakini akiingia kwa Mwana Shali, loo, hatoki! Bi Mize anawasikia wanazungumza, wanazungumza, kisha wanaangua kicheko. Kicheko kile kilimuuma kuliko miguu. "Alininyang'anya mume," alijisemea, "sasa ananinyang'anya na huyu mtoto wa watu." Wala hakuwa na alichokosa. Ila mwenzake anapata zaidi, na hilo halikumezeka.

Siku moja viongozi wa chama wakaja kuangalia kama huduma inawafaa wazee. Mkubwa wao, Bi Saumu, alianza kwa Mwana Shali, akajibiwa, "Alhamdulillahi, nashukuru." Wakavuka ua. Bi Mize hakuwa na shukrani ya kutoa.

"Mnaijua sheria ya uke wenza ninyi?" akasema. "Marehemu akininunulia doti ya khanga, na mwenzangu doti, rangi ile ile. Akilala huku leo, kesho kule. Sawa kwa sawa! Huyu binti yenu ananipa mimi makombo. Nataka nifanyiwe kile kile anachofanyiwa mwenzangu. Kisizidi, kisipungue."

"Kile kile, bibi?" Riziki akauliza, machozi yakimlengalenga.

"Kile kile! Kwani mimi si mjane wa Hatibu?"

Bi Saumu hakutaka maneno na wajane. Akasema iwe hivyo.

Asubuhi yake Riziki akaja na moyo wake ulioumia, akatimiza neno kwa neno. Akamshika Bi Mize mkono, akauweka juu ya kikombe. "Hiki kikombe, bibi. Mkono wake uko kulia." Akamwambia khanga aliyovaa ni nyekundu. Akasimama dirishani akimtajia nani anapita njiani na kabeba nini. Mtungi akauweka kwenye kona ya mlango, kama ule wa Mwana Shali, ambaye huufuata kwa kupapasa ukuta. Miguu hakuigusa, maana Mwana Shali hakandwi miguu. Akakaa sana, kisha akaaga.

Na Bi Mize alifurahi, nisiwafiche! Alicheka kwa sauti kusudi mwenzake asikie. Lakini jua likapanda, kiu ikamshika, na mtungi ule anauona, haufikii. Miguu nayo ikaanza kukakamaa. Amwite mke mwenza? Thubutu! Akajiburuta mwenyewe, akaanguka sakafuni, akalia kwa hasira.

Mwana Shali akasikia. Akaja taratibu na fimbo yake, akapapasa mpaka kwenye mtungi, akateka maji, akakifuata kilio kwa masikio.

"Bi Mkubwa, unalia nini?"

"Kiu," akasema Bi Mize. Alipokwisha kunywa akaongeza, "Na wivu."

"Wivu! Wa mimi?" Mwana Shali akakaa chini kabisa. "Yule binti kwangu anafanya kazi ya macho. Na tukicheka tunakucheka wewe. Kila siku namuuliza Bi Mkubwa kavaa nini na kanuna vipi. Mwenye wivu ni mimi. Nakusikia ukikandwa, unaguna kwa raha, na magoti yangu yanawaka moto, hakuna wa kuyagusa."

"Mbona hukuwaambia walipokuuliza?"

"Niambiwe nataka vya mke mkubwa? Shika fimbo hii, ujiinue."

Bi Mize akaishika, akaikandamiza chini kwa nguvu zote. Fimbo ilisimama imara, miguu ikakataa. Wakabaki sakafuni wote wawili mpaka Riziki aliporudi jioni, na Bi Mize hakungoja salamu, alitaka Bi Saumu aitwe.

"Mtungi wangu urudi kitandani," akamwambia Bi Saumu alipofika. "Miguu yangu ikandwe kama zamani. Na mwenzangu mkandeni magoti. Ile alhamdulillahi yake ilikuwa ya haya. Ila magoti tu! Msije mkapanda mpaka mgongoni."

Bi Saumu akashika kiuno. "Bi Mize, si wewe uliyetaka sawa kwa sawa?"

"Niliitaka, nikapewa, ikaniangusha," akasema Bi Mize, akimrudishia mwenzake fimbo mkononi. "Fimbo ya kipofu haimpeleki kiwete."