Nafasi ya Kina Mama

Basi siku hiyo mvua inamwagika, mtoto anachemka homa, Sakina roho juu ndani ya kigari chake, na nafasi pekee ya maegesho ya kina mama mlangoni pa hospitali ya mama na mtoto ameikalia tajiri Mangushi na gari lake.

"Baba, nisogezee, mwanangu ataloa!"

"Si mlitaka usawa? Kaegeshe kule sokoni."

"Kweli, baba. Basi pokea na hongera za uzazi kama sisi."

Akapiga vigelegele. Wanawake wakajaa kibarazani.

"Jamani, baba mapacha kafika! Mpigeni picha, tuirushe kwenye kundi la mtaa!"

"Mapacha gani? Mke wangu ataniua!"

Mangushi akatimka na gari hata mkanda hajafunga. Sakina akaingiza kigari chake, akamkumbatia mwanawe, hao kwa daktari.