Gobore Jepesi la Kalunde

Mkono husifu, bega hulipa. Mzee Kasanda, jirani wa Bibi Nyanzala, anadai kwamba msemo huu uliletwa na gobore lenye shetani. Kwa maelezo yake, gobore hilo lilifyatuka lenyewe, likamrusha mtoto hadi akanasa juu ya mti, na waliomshusha wakakuta amekuwa bubu. Akifika hapo Mzee Kasanda huinua kidole juu na kuapa kwa jina la mama yake.

"Kasanda hakuona kitu," alisema Bibi Nyanzala. "Siku hiyo alikuwa mgongoni, ananyonya kidole."

Vijana waliokuwa wakibangua karanga pamoja naye wakacheka. Walikuwa wameisikia methali hiyo muda mfupi tu uliopita. Masele, mjukuu wake, alikuwa ametoka mnadani na shoka jipya. Alilirusha hewani na kulidaka, akisifu jinsi lilivyo jepesi. Shangazi yake, aliyekuwa akipita na ndoo ya maji kichwani, alimtupia maneno hayo manne na kwenda zake bila kugeuka.

"Bega gani, bibi?" Masele aliuliza. "Na linalipa nini?"

Bibi akapuliza maganda kutoka kwenye ungo. "Chanzo chake ninacho. Lakini mikono isisimame. Karanga hazitajibangua."

Zamani, upande huu wa msitu, kila nyumba iliyolima ukingoni ilitakiwa kuwa na mtu wa gobore. Mahindi yalipoanza kubeba, watu hao walipeana zamu za kulinda mashamba yao dhidi ya nguruwe na nyani, na mnyama aliyeanguka, nyama yake waligawana wao kwa wao. Nyumba isiyo na mtu wa gobore ililinda shamba kwa madebe na makelele, na mara nyingi ilivuna mabua.

Kaombwe alikuwa mtu wa gobore mzuri sana mpaka macho yake yalipoingia ukungu. Mwaka mmoja alilenga nguruwe, kumbe ni mwenzake ameinama anafunga kamba ya kiatu. Mungu alikuwa macho, risasi ikapita juu. Wenzake hawakumgombeza. Walimwambia tu, "Kaa nyumbani, ndugu yetu. Tuletee mwingine wa nyumba yako."

Mwingine hakuwepo. Kaombwe na mkewe Mwashi walijaliwa mtoto mmoja tu, naye ni binti, Kalunde, wa umri wa kupeleka mbuzi malishoni peke yake. Watu walidhani nyumba imeishia hapo. Kaombwe akawaambia, "Nyumba yangu haina mvulana, lakini ina mtoto." Na Kalunde alikuwa na jicho! Alikuwa akipiga ndege kwa manati, na ndege akianguka hakwenda kutafuta, alikwenda kuokota.

Shida ilikuwa gobore. Lililokuwepo lilikuwa la marehemu babu yake Kalunde, refu, mtutu mnene, kitako cha mti mgumu kama jiwe. Kaombwe aliliita Mama Mkwe, kwa kuwa lilikuwa zito na halina utani. Babu hakuwa akilishika mikononi wakati wa kupiga. Aliliegemeza juu ya panda ya mti iliyochomekwa ardhini. Kalunde alipojaribu kulinyanyua, mikono ilitetemeka na mtutu ukachungulia chini.

Kaombwe alimwangalia mwanawe akihangaika, akakumbuka mikono yake mwenyewe ilivyokuwa ikimuuma utotoni kwa kulibeba porini siku nzima. Moyo ukamlainika.

"Mwanangu hatateseka nilivyoteseka mimi," akamwambia Mwashi.

Akaenda kwa Mlekwa, fundi wa kufua vyuma.

"Nataka gobore la mtoto," alisema. "Jepesi. Lisimchoshe mkono."

"Jepesi kiasi gani?"

"Alibebe kama anavyobeba mwiko."

Mlekwa akacheka. "Mwenye mtoto ni wewe. Mimi nafua."

Akatafuta mtutu mwembamba, akaufupisha. Kitako akakichonga kwa mti ule laini wa kuchongea vigoda, na popote kisu kilipopata cha kupunguza, kilipunguza. Gobore lilipoletwa nyumbani, majirani walikuja kuliona kama wanavyokuja kuona mtoto mchanga. Likapita mkono kwa mkono. Huyu akalipima kwa kiganja, yule akaliinua kwa vidole viwili. Mjomba Kapela, kaka yake Mwashi, akalizungusha kama fimbo ya ngoma.

"Shemeji, hili ni gobore au ufito wa kuangulia mapapai?"

"Cheka tu," Kaombwe akajibu, uso umejaa furaha. "Lako ukilibeba mpaka mtoni, unarudi umebebwa wewe."

Mwashi naye alipewa. Akalishika, akasema kweli ni jepesi, na moyoni akashukuru. Yeye alikuwa mtu wa kuangalia zaidi ya kusema. Alipokuwa akilirudisha, aliona jambo moja: watu wote wale walilishika kwa mikono, na hakuna hata mmoja aliyeliweka begani.

Haikuwa uzembe. Ilikuwa mila. Gobore jipya liliaminiwa kuwa limelala, na mlio wake wa kwanza ulikuwa wa kuliamsha. Likiamshwa na mtu mwingine, walisema, litamjua huyo na halitamtii mwenyewe maisha yake yote. Kwa hiyo hata kuliweka begani, asiye mwenyewe hakuthubutu.

Wageni walipoondoka, Mwashi akamwuliza mumewe kwa upole, "Baba Kalunde, huwezi kulijaribu wewe kwanza? Mara moja tu, kule bondeni."

"Unataka mwanao achekwe, mama Kalunde? Nilifyatue mimi, halafu siku ya siku limkatae mbele za watu?"

Mwashi akaanza kukusanya vigoda vya wageni. Lakini macho yake yalikwenda ukutani, kwenye kipembe cha swala kilichokuwa kikining'inia. Hicho kilikuwa kipimo cha baruti cha nyumba ile tangu enzi za babu. Mama Mkwe alikuwa akila kipembe kimoja kilichojaa.

Siku ya kuliamsha ikafika. Boga liliwekwa juu ya kisiki, watu wa gobore wakakaa upande mmoja, wanawake na watoto upande wa pili. Kalunde alivaa shati la baba yake, mikono imekunjwa, hatulii kwa furaha. Kaombwe akashusha kipembe, akakijaza baruti mpaka juu, akaimimina mtutuni na kuanza kushindilia.

Mwashi akasogea. "Hiyo yote ni yake?"

"Baruti ya nyumba ni moja," Kaombwe akasema bila kuinua uso. "Unataka risasi ianguke miguuni pake?"

"Mama, usisimame hapo nyuma," Kalunde akasema. "Utanichekesha."

Mwashi akarudi kwa wenzake. Kalunde akaliinua gobore kwa urahisi, kama mwiko kweli, na wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Hakuhitaji panda. Akaweka kitako begani, akafumba jicho moja.

Mlio uliotoka haukuwa wa kitu kidogo kama kile. Boga likapasuka, mbegu zikaruka mpaka kwa wanawake. Vigelegele vikalipuka, na aliyeanza alikuwa Mwashi mwenyewe. Alipiga kigelegele cha mama mwenye mtoto mmoja, macho yako kwenye boga, ulimi unacheza, moshi umetanda mbele yake.

Moshi ukainuka.

Kalunde alikuwa ameketi chini, mbali na pale aliposimama. Gobore lilikuwa nyuma yake zaidi, limeangukia kwenye nyasi. Hakulia. Uso wake ulikuwa umekauka kama wa mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua. Alitazama upande wake wa kulia, kisha akamtazama mama yake.

"Mama," akasema, "mkono wangu uko wapi?"

Mkono ulikuwepo. Ulikuwa umelala mapajani mwake, kiganja kimeangalia juu, na yeye hausikii. Bega lilikuwa limeshuka, mfupa wa mtulinga umesukuma ngozi kwa ndani kama kidole kinachonyoosha kitambaa.

Kigelegele kilimfia Mwashi mdomoni. Wanawake wa nyuma, ambao hawakuwa wameona, waliendelea kupiga vyao kwa muda, halafu kimoja kimoja vikakatika. Hakuna aliyepiga kelele. Wale wazee walioua nyati walisimama wakitazamana, na Mjomba Kapela, mtu wa maneno, akavua kofia na kuishika tu.

Bibi Nyanzala alipofika hapo alikung'uta maganda mapajani. Karanga zilikuwa zimesimama mikononi mwa vijana wote, naye hakuwakemea. Masele aliweka shoka lake chini, taratibu, kama linalala.

Mzee wa kuunga mifupa aliitwa. Akafunga bega kwa magome na kamba, akasema mfupa utashika ila hautanyooka. Ilikuwa hivyo. Magome yalipofunguliwa, Kalunde aliweza kushika kijiko na kufunga khanga, lakini mkono wa kulia haukupanda tena juu ya sikio.

Siku zote hizo Kaombwe hakusema na mtu. Wanaume walikuja kumwambia kwamba Mlekwa amefanya uchawi, twende tukavunje kiwanda chake. Akawafungia mlango. Asubuhi moja akachukua magobore yote mawili, kipembe na baruti, akaenda bondeni akipapasa njia. Mwashi akamfuata kwa mbali, kwa kuwa mume anayebeba bunduki huku hasemi haachwi peke yake.

Akasikia mlio mkali. Baada ya kitambo akasikia wa pili, mzito. Alipofika, Kaombwe alikuwa amekaa kwenye majani, shati ameliteremsha, bega linabadilika rangi mbele ya macho yake.

"Njoo uone, mama Kalunde," alisema. "Lile la mtoto limenipiga teke la punda. Mimi, mtu mzima na nyama zangu zote, limenilaza chali."

"Na la babu?"

"Mama Mkwe?" Akapapasa kile kitako kizito. "Amenisukuma tu. Kama ndama anayetaka kupita. Baruti ile ile, Mwashi. Kipembe kile kile. Ule uzito niliouchukia ndio uliokuwa ukimeza teke. Nami nikaenda kwa miguu yangu kumwomba fundi auondoe."

Mwashi akaketi karibu naye. Alikuwa na maneno mengi, mengine makali, na alikuwa ameyatunza tangu siku ile. Lakini alipofungua mdomo yalitoka haya:

"Si wewe peke yako. Kaka yangu alilishika akacheka. Wazee walilishika. Mimi nililishika nikashukuru Mungu. Mikono yote ya kijiji hiki ilisifu, baba Kalunde. Bega lililolipa lilikuwa la mtoto mmoja."

Wanaume waliporudi na habari zao za kumvunjia Mlekwa kiwanda, Kaombwe aliwaonyesha bega lake. "Mwacheni fundi. Alinipa nilichoomba. Mkono husifu, bega hulipa." Tangu hapo maneno hayo yakakaa midomoni mwa watu, na ile mila ya kuliamsha gobore jipya, hakuna aliyeifuata tena.

"Na shamba lao, bibi?" Masele akauliza kwa sauti ndogo.

Shamba lilibeba vizuri mwaka ule, Bibi akaendelea, na ndiyo maana nyani walikuja mapema. Asubuhi moja waliingia wengi, wakubwa wamekaa juu ya vichuguu, wadogo wanavunja mahindi na kuyatupa. Mwashi alikuwa akigonga debe mpaka mikono ikafa ganzi. Nyani walimtazama, wakaendelea kutafuna. Kaombwe alisimama mlangoni, akisikia mabua yakivunjika asiweze kuyaona.

Kalunde akatoka ndani. Nyuma yake alikuwa anamburuta Mama Mkwe kwa mkono wa kushoto, kitako kinachora mstari mchangani. Mwashi akaacha kugonga debe.

"Baba," binti akasema, "safari hii tusiulize mkono. Mkono husifu, bega hulipa, hilo tumelijua. Wewe chomeka panda ushike kitako. Baruti upime nusu kipembe. Mimi nitakuwa macho yako, nilenge kwa bega langu la kushoto, hilo bado zima."

Kaombwe alinyoosha kiganja, akalipapasa bega la kulia la mwanawe, lile lililoshuka, akakiacha kiganja hapo hapo.

"Nakuomba, baba," Kalunde akasema. "Mara moja tu."

Kaombwe akatega sikio. Kule shambani, bua jingine likavunjika.